Kuridhika na Uzazi wa Hospitalini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wanawake waliokwisha kujifungua, mara nyingi wiki kadhaa au hata miaka baada ya kutoka wodini. Machache ni ya wajawazito, na moja ni la wakunga wenyewe. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Ya msingi

Mama kuridhika na uzazi maana yake ni nini?

Ni tathmini yake mwenyewe ya alivyohudumiwa na alivyojiona tangu uchungu ulipoanza hadi alipotoka wodini. Faili litaonyesha saa za uchungu, uzito wa mtoto na damu iliyopotea. Halitaonyesha kama aliogopa, kama alisikilizwa, au kama alifunikwa alipoomba kufunikwa.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mama anaweza kuisifu huduma na bado akaumia moyoni kwa jinsi uzazi wake ulivyokwenda: wakunga walikuwa watu wema, ila mambo yaligeuka. Mwingine amezaa kwa wepesi, anajivunia nguvu zake, lakini hospitali ile hataki kuiona tena. Ukimuuliza mama "uliridhika?" bila kutenganisha haya mawili, atakujibu "ndiyo, namshukuru Mungu," nawe hutakuwa umejua chochote.

Mtoto mzima, mimi mzima. Mbona roho haijatulia?

Kwa sababu kutoka salama ni jambo moja na kutendewa vizuri ni jambo jingine. "Shukuru mtoto mzima" husemwa kwa nia njema, lakini huyakata mazungumzo ndiyo kwanza yanaanza. Unaweza kushukuru kwa ajili ya mtoto, na papo hapo ukasema hukupenda kushonwa huku mlango uko wazi na watu wanapita.

Hata Shirika la Afya Duniani (WHO) halihesabu uhai peke yake. Mwongozo wake wa 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu na kujifungua, wenye mapendekezo 56, unalenga mwanamke amalize uzazi akiwa salama na pia akiwa ameheshimiwa na kushirikishwa.

Ni nini hasa kinachomridhisha mama?

Jibu linalotajwa sana ni la Ellen Hodnett, mtafiti wa uuguzi wa Kanada, aliyepitia tafiti nyingi zilizotangulia na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Yalijitokeza mambo manne: mama alitarajia nini, wahudumu walimsaidia kiasi gani, walielewana naye vipi, na kama alishirikishwa katika maamuzi. Manne hayo yalikuwa na uzito kuliko umri, kipato, hali ya chumba, na hata maumivu yenyewe.

Kwa vitendo huwa hivi. Mkunga anakuja kumpima mama njia. Wa kwanza anafunua shuka, anavaa glavu, "panua miguu," anapima, anaandika, anaondoka. Wa pili anavuta pazia kwanza. Anataja jina lake, anaeleza kwamba anataka kujua njia imefunguka kiasi gani, anangoja uchungu uliopo upite, na akimaliza anasema: "Sentimita sita, mama. Kichwa kinashuka. Unakwenda vizuri." Kipimo ni kilekile na muda ulioongezeka ni dakika moja, labda mbili. Hao wawili wote watasimuliwa miaka ishirini baadaye, kila mmoja kwa lake.

Miaka ishirini? Si tunaambiwa uchungu wa uzazi husahaulika?

Makali ya maumivu hufifia kwa wengi. Maneno waliyoambiwa hayafifii. Penny Simkin, mwalimu wa uzazi wa Marekani, aliwahoji wanawake miaka 15 hadi 20 baada ya uzazi wao wa kwanza na kulinganisha na walichokuwa wameandika wakati ule. Matokeo aliyoyachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalionyesha kumbukumbu zao ziko sahihi kwa namna ya kushangaza, hasa kuhusu walivyotendewa na daktari au muuguzi. Kwa hiyo bibi akikusimulia mkunga aliyemshika mkono usiku kucha, usidhani anatia chumvi.

Kwa hiyo maumivu hayana uzito?

Yana uzito, hasa yanapopuuzwa. Mwanamke anayeomba dawa ya maumivu na kuambiwa "vumilia, wenzako wamezaa" anabeba mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Ila kuondolewa maumivu hakumhakikishii mama kuridhika. Wapo waliopata sindano ya ganzi ya mgongoni, hawakusikia makali yoyote, na bado wana kinyongo kwa sababu hakuna aliyewaeleza kitu. Na wapo waliopiga kelele tangu jioni hadi alfajiri ambao leo husimulia kwa fahari. Kinachowatofautisha mara nyingi ni kama mama aliona anaweza kuomba na akasikilizwa, iwe aliomba dawa au aliomba aachwe azae bila dawa.

Kwa nini wazazi wa mara ya kwanza ndio hulalamika zaidi?

Uchungu wa kwanza kwa kawaida ni mrefu zaidi, hatua za kitabibu kama kuongezewa uchungu kwa dripu au kuvutwa mtoto kwa kifaa huwapata zaidi wao, na wanaingia na matarajio waliyojengewa na simulizi za watu. Anayekuja mara ya pili anajua leba ikoje.

## Ndani ya leba

Kuwa na mtu wangu karibu kunasaidia kweli, au ni faraja tu?

Kunasaidia kweli, na hapa ushahidi ni mzito. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua tafiti za afya, yalikusanya majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kuwasaidia muda wote walizaa zaidi kwa njia ya kawaida, walipasuliwa kwa uchache zaidi, uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo, na walioueleza uzazi wao kwa ubaya walikuwa wachache. WHO inapendekeza kila mwanamke awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe.

"Anayemtaka mwenyewe" ndiyo sehemu inayosahaulika. Mama mkwe aliyekuja bila kuombwa, anayetoa amri kuliko mkunga, si msaada. Mume anayekaribia kuzirai naye huongeza kazi. Chagua mtu mtulivu, anayeweza kukaa muda mrefu bila kulalamika njaa, na asiyeona haya kumuuliza daktari swali kwa niaba yako. Kama wodi hairuhusu wasindikizaji, uliza mapema ukiwa bado kliniki. Mara nyingi sababu ni faragha ya akina mama wengine, na pazia moja linaweza kubadilisha jibu.

Niliambiwa "uchungu wako hausogei" na nikaona nimeshindwa. Kipimo chao ni kipi?

Kwa miongo mingi kipimo kilikuwa njia kufunguka sentimita moja kwa saa. Mwongozo wa WHO wa 2018 ulikitoa kigezo hicho kwa sababu wanawake wengi wenye uchungu wa kawaida hawakifikii. Uchungu kamili sasa unahesabiwa kuanzia sentimita 5. Tangu hapo hadi njia kufunguka yote, kwa kawaida hauvuki saa 12 kwa mzazi wa kwanza na saa 10 kwa aliyewahi kuzaa. Kusukuma nako kunaweza kuchukua hadi saa 3 kwa wa kwanza na saa 2 kwa anayerudia. Hatua ya kabla ya sentimita 5 haina muda maalumu, inaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na ndiyo inayowachosha wengi kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Kwa hiyo ukiambiwa hausogei, swali la kurudisha ni moja: "Mimi na mtoto tuko salama?" Mapigo ya moyo wa mtoto yakiwa mazuri na wewe huna tatizo, kusubiri kunaweza kuwa ndiyo huduma sahihi. Kushindwa hakumo katika hesabu hii. Njia ya kizazi haifunguki kwa bidii.

Naweza kukataa kupimwa njia?

Ndiyo. Unaweza kukataa, kuomba wasubiri, au kuomba apime mtu mmoja tu badala ya wanafunzi wanne kwa zamu. Kwa uchungu wa kawaida WHO inapendekeza kipimo kila baada ya saa 4 katika uchungu kamili. Kupimwa mara nyingi zaidi kunahitaji sababu, na sababu hiyo una haki ya kuambiwa. Usikatae kwa kinyongo tu, maana kuna wakati kipimo ndicho kinachoamua kama unapelekwa chumba cha upasuaji. Uliza kwanza.

Lazima nilale chali?

Hapana. Kama hakuna sababu ya kitabibu, unaweza kutembea, kuchuchumaa, kupiga magoti au kulala ubavu, hata wakati wa kusukuma. Kulala chali kunamrahisishia zaidi anayezalisha. Maji na chakula chepesi pia vinaruhusiwa kwa mama asiye na hatari maalumu. Kunyoa na kupewa enema (kuingiziwa maji njia ya haja kubwa ili kusafisha tumbo) kama desturi ya kila anayeingia ni mambo yasiyopendekezwa tena.

Niliongezwa njia bila kuambiwa. Ilikuwa sahihi?

Kukatwa msamba ili mtoto apate nafasi ya kupita kunaweza kuwa sahihi. Kutokuambiwa hakuwi sahihi. WHO haipendekezi kuongeza njia kama desturi kwa kila mzazi. Inapohitajika, mama aelezwe, akubali, apigwe ganzi. Sentensi moja inatosha na huchukua sekunde chache: "Mama, mtoto amechoka, nataka kukuongeza njia kidogo, nakupiga ganzi kwanza, sawa?"

Si wewe peke yako. Utafiti uliochapishwa 2019 katika jarida la Lancet, uliofanyika Ghana, Guinea, Myanmar na Nigeria, ulikuta robo tatu ya walioongezwa njia mbele ya watafiti hawakuwa wameombwa idhini. Kuhusu kukandamizwa tumbo ili mtoto atoke haraka, jibu ni fupi: haipendekezwi.

Mpango wa uzazi ulioandikwa una faida yoyote?

Una faida ukiwa njia ya kuanzisha mazungumzo. Ukiutazama kama mkataba utakuumiza. Mama aliyeandika kurasa tatu na kila kipengele kikavunjwa hutoka na kinyongo kuliko asiyeandika kitu. Andika nusu ukurasa: nani awe nawe, unataka nini kuhusu maumivu, unaogopa nini zaidi, na ungependa nini ikitokea unapasuliwa. Hicho cha mwisho wengi hawakiandiki kwa kuogopa kujitabiria mabaya, wakati ndicho chenye faida kubwa mambo yakibadilika.

## Upasuaji na dharura

Waliopasuliwa huridhika kidogo?

Kwa wastani, waliopasuliwa kwa dharura ndio huwa na kumbukumbu ngumu zaidi. Upasuaji uliopangwa, ambao mama alielewa sababu yake na kuingia akiwa tayari, kwa kawaida hauachi kumbukumbu ngumu kiasi hicho. Shida kubwa basi ni mshtuko, kutengwa na mtoto, na kuonekana kama mzigo uliosukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, kuliko kisu chenyewe.

Yapo mengi ya kufanywa. Kwa ganzi ya mgongoni mama yuko macho. Atasikia kuvutwa na kugandamizwa bila maumivu, na aambiwe hivyo kabla, la sivyo ataamini ganzi haijashika. Hali ikiruhusu, mtoto anaweza kuwekwa kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, humo humo ndani. Na mtu mmoja, hata kama ni wa dawa za usingizi, akae karibu na kichwa chake akimwambia kinachoendelea.

Ilikuwa dharura, hawakuwa na muda wa kunieleza. Nilitarajia makubwa mno?

Katika dharura halisi maelezo marefu hayawezekani, na hakuna anayetaka daktari aanze hotuba huku mapigo ya mtoto yanashuka. Lakini "mapigo ya mtoto yameshuka, tunakwenda chumba cha upasuaji sasa hivi, nitakuwa nawe" ni maneno yanayosemwa huku kitanda kinasukumwa. Deni lililobaki hulipwa baadaye: mtu aliyekuwepo aje kitandani kesho yake, akae, aeleze nini kilitokea na kwa nini, kisha asikilize. Kwa maoni yangu, ziara hiyo ya dakika kumi ndiyo huduma inayorukwa zaidi katika wodi za wazazi, na ndiyo rahisi kuliko zote.

## Kutendewa vibaya

Kufokewa leba si ndiyo kawaida?

Imezoeleka, na kuzoeleka hakuifanyi kuwa huduma. Mwaka 2010 watafiti Diana Bowser na Kathleen Hill walipanga mwenendo huu katika makundi saba, kuanzia kupigwa, kutukanwa, kukosa faragha na kufanyiwa mambo bila idhini, hadi kuachwa peke yako na kuzuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni. WHO ilitoa tamko la kuupinga mwaka 2014. Katika utafiti wa nchi nne uliotajwa kwenye swali la kuongezwa njia, zaidi ya theluthi ya wanawake walipata angalau aina moja ya kutendewa vibaya, na walioandamwa zaidi walikuwa wadogo kiumri na wenye elimu ndogo. Maneno kama "ulipokuwa unaitafuta ulipiga kelele?" hayamsaidii mama kusukuma.

Mimi ni mkunga. Tuko wawili, akina mama kumi na wanne. Nianzie wapi?

Uchache wa watu ni tatizo la kweli, na lawama zake haziwezi kuangukia aliyeko zamu peke yake. Ila kuna mambo yasiyotaka mtu wa ziada: kutaja jina lako, kuvuta pazia, kusema kabla ya kugusa, kumwambia mama matokeo ya kipimo badala ya kuyaandika tu. Msindikizaji naye hupunguza kazi, kwa sababu anakanda mgongo, anaita msaada, analeta maji. Wakunga wanaotukanwa na wakubwa wao mbele ya wagonjwa hushindwa kuwaheshimu wagonjwa hao, kwa hiyo kama wewe ndiye mkuu wa wodi, anza na kikao cha asubuhi.

Nataka kulalamika. Nifanyeje?

Andika mapema, kumbukumbu ikiwa mbichi: tarehe, zamu, nani alisema nini kwa maneno yaleyale, nani alikuwepo. Omba nakala ya taarifa zako za matibabu. Anza na mkuu wa wodi au dawati la malalamiko, kisha uongozi wa hospitali, kisha baraza linalosajili wauguzi na wakunga au madaktari. Sema unataka nini, maana kuombwa radhi, kupewa maelezo na mtu kuchukuliwa hatua ni maombi matatu tofauti. Walichofanya vizuri kitaje pia. Hakidhoofishi malalamiko.

## Baada ya kurudi nyumbani

Wiki ya kwanza nilikuwa nawasifu. Sasa nina hasira. Nimebadilika vipi?

Siku za mwanzo ahueni ya kuwa hai na kumshika mtoto hufunika mengine yote. Ulla Waldenström, mtafiti wa Uswidi, aliwauliza wanawake miezi miwili baada ya kujifungua na tena mtoto alipotimiza mwaka. Wengi hawakubadili jibu, ila karibu robo walikuwa wameuona uzazi wao kwa ubaya zaidi. Kwa sababu hiyo dodoso linalojazwa mlangoni siku ya kutoka, muuguzi akiwa amesimama pembeni, lina thamani ndogo sana. Yapo madodoso bora: BSS-R, la kupima kuridhika na uzazi, lina maswali 10 tu, na CEQ, la kupima mama alivyouona uzazi wake, lililotoka Uswidi mwaka 2010, hupima uwezo wa mama mwenyewe, msaada wa wahudumu, usalama alioona na ushiriki wake.

Ni lini nitafute msaada?

Machozi na kubadilika hisia katika wiki mbili za kwanza huwapata wengi na hupita. Huzuni ikivuka wiki mbili, usingizi ukikukimbia hata mtoto akiwa amelala, ukikosa hamu na kila kitu, huenda ni sonona. Kama zaidi ya mwezi unaota leba, picha zinakurudia mchana, na unakwepa hata barabara inayopita hospitalini, hiyo inaweza kuwa athari ya kiwewe. Huwapata wanawake wapatao 4 katika kila 100, na zaidi miongoni mwa waliopitia dharura. Zote mbili zinatibika. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu leo na uende hospitali leo.

Naogopa mimba nyingine. Hofu hii ni ya kawaida?

Ni ya kawaida baada ya uzazi mgumu, na wapo wanaoacha kuzaa kwa sababu hiyo. Iseme kwenye hudhurio la kwanza la kliniki, usingoje mwezi wa tisa. Omba faili la uzazi uliopita lipitiwe pamoja nawe. Baadhi ya wanawake hugundua kuwa kilichowaogopesha kilikuwa na sababu isiyotarajiwa kujirudia.

Mume wangu alikuwepo, na tangu siku ile haongei.

Aliyesimama pembeni naye huumia, hasa alipotolewa nje bila maelezo. Mpe nafasi ya kusimulia alichokiona. Usishangae kama hakifanani na ulichokiona wewe.

Nilipoteza mtoto. Maswali haya yananihusu?

Yanakuhusu kabisa. Waliofiwa huwakumbuka kwa undani wahudumu waliowaambia habari hiyo wakiwa wameketi, waliowaruhusu kumwona na kumshika mtoto kama walitaka, waliotaja jina lake. Wanakumbuka pia kulazwa chumba kimoja na akina mama wanaonyonyesha. Kuomba chumba tofauti si usumbufu.

Nilipewa usingizi kamili na sikumbuki alivyozaliwa. Nitapataje sehemu iliyopotea?

Omba kuzungumza na aliyekuwepo, na uulize vitu vidogo: saa ngapi, nani alimpokea, alilia mara moja, alifungwa nguo gani. Daftari la chumba cha upasuaji lina saa na majina. Kama kuna ndugu aliyepiga picha mlangoni, iombe.

Mimi nilihudumiwa vizuri sana. Kuna haja ya kusema?

Ipo. Andika barua ukitaja kitendo chenyewe. "Alinikanda mgongo kuanzia saa nane usiku na kuniambia kila alichofanya" humfaa mkuu wa wodi kuliko "wahudumu wazuri sana", kwa sababu anaweza kuwafundisha wengine.